Wepesi wa Chombo na Uzito wa Dhima

Methali ya kale husema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake haina kificho: mvivu hukilaumu chombo, na mtu wa kazi huanza kazi kwa kile alicho nacho. Kwa jembe methali hii ni kweli tupu. Jembe butu huchelewesha shamba, lakini halimdhulumu mtu. Tuta lililolimwa vibaya leo hulimwa upya kesho, wala udongo hauna sauti ya kulia. Lakini viko vyombo ambavyo kuvichagua ni sehemu ya kazi yenyewe, tena ni sehemu ya wema au ubaya wa kazi hiyo. Kisu cha mchinjaji ni kimoja. Bunduki ya mwindaji ni kingine. Asiyechagua katika vyombo vya namna hii hana haki ya kujisifu kuwa yeye si mteuzi. Uzembe wake hulipwa na kiumbe mwingine.

Mtu atafutaye bunduki moja ya komeo, nyepesi ya kubebwa milimani na sahihi ya kushindania shabaha, hudhani kwamba anauliza swali la fundi. Huuliza uzito wa chuma, unene wa mtutu, ubora wa darubini na bei ya dukani. Maswali hayo yana majibu, na majibu yake si magumu. Lakini nyuma yake lipo swali jingine ambalo hakuna fundi awezaye kulijibu: mtu akipewa uwezo wa kuua kwa urahisi na kwa mbali, dhima ya uwezo huo ikae wapi, katika chombo au katika nafsi yake?

Jina la komeo linafaa. Mpigaji huifunga na kuifungua bunduki hiyo kwa mkono wake, mfano wa mtu akomeaye mlango. Huinua kishikio na kuvuta nyuma, ganda tupu likatoka. Husukuma mbele, risasi mpya ikaingia. Huteremsha kishikio, mlango ukafungwa. Kwa kuwa komeo hushikana imara na chuma cha mtutu, risasi hulala mahali palepale kila mara, na hiyo ni sababu moja ya usahihi wake. Bunduki hii haikubuniwa kwa ajili ya mwindaji. Ilizaliwa kwa ajili ya vita. Jeshi la Prussia liliichukua bunduki ya Dreyse mwaka 1841, na mtambo ambao Paul Mauser aliukamilisha kwa jeshi la Ujerumani mwaka 1898 umekuwa mfano wa bunduki nyingi za uwindaji hata leo. Ni ajabu kwamba chombo kilichotafutwa ili kuongeza kasi ya kuua hupendwa sasa na wawindaji kwa sababu ya polepole yake. Baada ya kila risasi mkono hulazimika kufanya kazi upya. Hapo pana kituo kidogo, na katika kituo hicho mtu mwenye akili huweza kujiuliza kama risasi ya pili inastahili kutoka.

Tatizo la mchaguzi huanza katika uzito. Bunduki nyepesi ya milimani, yenye kitako cha nyuzi za kaboni na mtutu mwembamba, huweza kuwa na kilo mbili na nusu au tatu. Katika baadhi ya mashindano ya mita 300, bunduki huruhusiwa kufika kilo 8. Tofauti hii haikuletwa na ubishi wa mafundi. Imeletwa na maumbile. Risasi ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma. Risasi ikiwa ileile, na bunduki ikapunguzwa uzito kwa nusu, nishati ya kurudi huko huwa karibu mara mbili. Bega lililoumizwa hujifunza woga, na woga huteremka mpaka kidoleni. Kidole kikavuta kifyatulio kwa mshtuko kabla ya jicho kuridhika. Mtutu mwembamba nao hupata moto upesi, na baada ya risasi chache shabaha huweza kuhama. Tena kitu kizito hakitikisiki upesi, bali kitu chepesi hufuata pumzi ya mtu, mapigo ya moyo wake na uchovu wa miguu yake.

Basi yampasa mchaguzi ajue jambo moja ambalo wauzaji hawana sababu ya kumwambia. Uzito hauondoki, huhama. Gramu iliyotolewa katika chuma hudaiwa mahali pengine: begani, kidoleni, katika saa za mazoezi, na mwisho wake katika dhamiri. Mwenye bunduki nzito hubeba sehemu kubwa ya utulivu wake juu ya bega. Mwenye bunduki nyepesi hana budi kuubeba ndani yake. Anayenunua wepesi bila ya kununua mazoezi amenunua nusu ya kitu, na nusu iliyobaki ameiacha kuwa deni.

Kuna kisa cha kweli kinachofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1859 kilianzishwa Uingereza chama cha taifa cha wapiga bunduki, na mkutano wake wa kwanza wa mashindano ukafanyika Wimbledon mwezi wa Julai 1860. Malkia Victoria ndiye aliyefyatua risasi ya kwanza. Bunduki ilikuwa ya Whitworth, ya kushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, nayo ilikuwa imefungwa juu ya mtambo wa chuma na kuelekezwa tayari kwenye shabaha iliyokuwa yadi 400 mbele yake. Kazi ya Malkia ilikuwa kuvuta kamba ya hariri. Akaivuta, na risasi ikaingia karibu sana na kitovu cha shabaha. Watu wakashangilia.

Nani aliyepiga shabaha siku ile? Si Malkia, kwa maana hakulenga. Si mtambo, kwa maana mtambo hauna nia. Labda ni fundi aliyeielekeza bunduki kabla ya wageni kufika. Katika sherehe swali hilo halina madhara, na heshima ya Malkia haikupungua kwa kamba ya hariri. Lakini siku hizi kila muuzaji wa bunduki sahihi humwahidi mnunuzi kitu kinachofanana na kamba ile: darubini yenye kupima masafa, kifyatulio chepesi kama unyoya, risasi iliyopimwa kwa mizani ya dhahabu. Vyote ni vizuri. Hatari yake ni kwamba mtu huweza kuvuta kamba na kuzipokea shangwe, akasahau kwamba hajajifunza kulenga. Na porini hakuna fundi aliyetangulia kumtengenezea shabaha.

Ni kweli kwamba usahihi ni wema, na wema huu hauna budi kutajwa kabla ya kutajwa hatari zake. Katika pwani ya Afrika Mashariki mchinjaji afuataye sheria ya Kiislamu hufundishwa kunoa kisu barabara, asikinoe mbele ya macho ya mnyama, wala asimchinje mnyama mmoja mbele ya mwenzake. Mafundisho hayo hayakutolewa kwa ajili ya nyama kuwa tamu. Yametolewa kwa sababu kiumbe anayekufa kwa faida ya mwingine anadai haki ya mwisho, nayo ni kwamba kifo chake kiwe chepesi kadiri iwezekanavyo. Kisu butu ni dhuluma. Kwa kipimo hicho hicho, bunduki isiyo sahihi ni kisu butu kinachorushwa kwa mbali, na mwindaji asiyejali mahali risasi yake inapoangukia hana udhuru wa kusema kwamba alikusudia mema.

Usahihi huu una vipimo vyake. Wapigaji huigawa digrii moja ya pembe katika sehemu 60, na sehemu moja ya hizo ni karibu sentimita 3 kwa umbali wa mita 100. Bunduki iwezayo kuweka risasi zake katika upana huo huhesabiwa kuwa njema. Kwa mita 300 upana huo huwa karibu sentimita 9, na kwa mita 400 huzidi sentimita 11. Mahali ambapo risasi humwua swala wa kadiri upesi, penye moyo na mapafu, hapapiti sana upana wa sahani ya chakula. Hesabu hii humfurahisha mwenye bunduki: sentimita 11 huingia katika sahani, na bado nafasi inabaki. Lakini hesabu hiyo ni ya bunduki iliyolazwa juu ya meza, siku isiyo na upepo, mbele ya karatasi isiyokwenda. Haikumhesabu mtu aliyepanda mlima akihema. Haikuhesabu upepo unaovuka bondeni. Haikumhesabu mnyama mwenyewe. Risasi hutumia karibu nusu sekunde kufika mita 400, na swala ana hiari ya kupiga hatua moja katika nusu sekunde hiyo. Hatua moja huondoa moyo mahali pake na kuleta tumbo. Maji yakimwagika hayazoleki, na risasi ikitoka hairudi.

Hapa ndipo mashindano na uwindaji hutengana, ingawa bunduki ni moja. Watu wengi husema kwamba mashindano ni shule ya uwindaji, na kwa mkono usemi huu ni sawa. Mtu apigaye mamia ya risasi kila mwaka mbele ya karatasi huijua bunduki yake kama mvuvi aijuavyo ngalawa yake: huijua inapokuwa baridi na inapokuwa moto, huujua mvuto wa kifyatulio chake, huzijua hila za upepo. Mwindaji ambaye hufyatua risasi tatu kwa mwaka, zote kwa wanyama, amewafanya wanyama kuwa karatasi yake ya mazoezi. Huyo hawezi kusifiwa kwa kujiepusha na michezo.

Lakini shule ya mkono siyo shule ya moyo. Katika mashindano mtu hulazimika kupiga. Saa inakwenda, zamu yake imefika, na asiyepiga hapati alama. Hakuna mwamuzi atoaye nishani kwa mpigaji aliyeshusha bunduki yake kwa kuwa hakuwa na hakika. Porini mambo ni kinyume. Huko kuacha kupiga ndiyo nusu ya ustadi, na aghalabu ndiyo nusu bora. Mtu aliyefunzwa kwa miaka kumi kwamba kila zamu ina risasi yake, huweza kumwona mnyama akasikia sauti ya saa ambayo haipo.

Upo mchezo mmoja unaoonyesha jambo hili kwa uwazi. Ni baiathloni, mashindano ya kuteleza juu ya theluji na kulenga shabaha, yaliyoingia katika Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1960. Mshindani hubeba bunduki yake mgongoni njia nzima, nayo haitakiwi kuwa chini ya kilo 3.5. Hufika uwanjani moyo ukimdunda, akapiga shabaha tano kwa umbali wa mita 50. Akilala chini, kila shabaha ni duara la milimita 45. Akisimama, ni la milimita 115. Hiyo ni bunduki nyepesi na sahihi kwa kweli, na ndiyo maana mchezo huu ni mfano mzuri kwa mchaguzi. Tena unayo haki ya ajabu ndani yake: katika baadhi ya mbio zake, kwa kila shabaha iliyomponyoka, mshindani huzunguka njia ya adhabu ya mita 150 kabla ya kuendelea. Aliyekosa hulipa kwa miguu yake mwenyewe. Porini aliyekosa kidogo halipi. Anayelipa ni mnyama aliyejeruhiwa, naye hulipa kwa miguu yake vilevile, akienda mbali na damu yake mpaka anguko lake lisilo na shahidi. Mwindaji mwema ni yule ajifanyiaye njia ya adhabu kabla ya kosa: hukaribia mita 150 zaidi kwa miguu yake, ili mnyama asije akazilipa.

Na hapa pana kitendawili cha usahihi. Bunduki iliyo sahihi zaidi ingepaswa kupunguza majeraha. Huyapunguza kweli, maadamu mwenye nayo hubaki katika umbali alioujua zamani. Lakini ni wachache wapatao uwezo mpya wakakaa katika mipaka ya kale. Aliyekuwa akipiga kwa mita 150 kwa bunduki ya baba yake, hununua bunduki bora akapiga kwa mita 400, na kiasi cha shaka kikawa kilekile au kikazidi. Faida yote ya usahihi imeliwa na umbali. Tena umbali humnyima mtu kitu kingine. Aliye karibu huona jicho la mnyama, huona kama jike ana mtoto nyuma ya kichaka, huona kama anachotaka kukifanya kinafaa kufanywa. Aliye mbali huona alama ndani ya darubini.

Katika historia ya Afrika Mashariki yupo mtu ambaye maisha yake ni mtihani wa hoja hii. Jina lake lilikuwa Walter Bell, mzaliwa wa Uskoti, aliyeishi tangu 1880 hata 1954, na ambaye kwa sababu ya safari zake katika nchi ya Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, aliitwa Karamojo Bell. Wawindaji wa ndovu wa zama zake walizoea kuchukua bunduki nzito mno, zenye risasi za gramu 48 na hata zaidi, kwa imani kwamba mnyama mkubwa hushindwa kwa chuma kikubwa. Bell alifikiri kwa njia nyingine. Alilikata fuvu la ndovu kwa msumeno apate kujua ubongo umelala wapi. Kisha akachukua bunduki nyepesi ya komeo, yenye mtambo wa Mauser na kutengenezwa na Rigby wa London, ambayo mtutu wake ulikuwa na kipenyo cha milimita 7 na risasi yake gramu 11 na ushei. Kwa bunduki hiyo, na kwa elimu ya mahali pa kuielekeza, aliua ndovu wengi kuliko wengi wa waliobeba mizinga. Hesabu ya maisha yake hupita ndovu 1,000.

Mtu atazamaye habari hizi kwa jicho la fundi hana la kusema ila sifa. Bell alithibitisha kwamba ujuzi hushinda ukubwa, na kwamba mtu akiongeza elimu huweza kupunguza chuma. Tena kwa kila ndovu mmoja aliyeanguka papo hapo, hapana budi kukiri kwamba kifo chake kilikuwa chepesi kuliko cha yule aliyepigwa tumboni kwa risasi kubwa ya mtu mwenye hofu. Lakini jicho la mwenye hekima huuliza swali la pili. Pembe zilikwenda sokoni, na soko halina kinaya. Ndovu wale, wakihesabiwa mmoja mmoja, huenda wengi wao walipata rehema. Wakihesabiwa pamoja, hawakuipata.

Kwa hiyo usahihi ni rehema kwa mnyama mmoja tu. Rehema kwa jamii nzima ya wanyama jina lake ni kiasi. Haya ni mambo mawili, na la kwanza haliwezi kufanya kazi ya la pili. Miaka iliyofuata ilithibitisha hayo kwa uchungu. Makadirio ya mwaka 1979 yalisema kwamba Afrika ilikuwa na ndovu kama milioni 1.3, kufika mwaka 1989 walikisiwa kuwa kama 600,000, nao wengi walikuwa wameangushwa na majangili wenye silaha za vita. Mwaka huo huo Kenya ilichoma tani 12 za pembe hadharani mjini Nairobi, na mataifa yakapatana kuifunga biashara ya pembe. Majangili hawakuwa na ustadi wa Bell wala hawakuutafuta. Lakini soko lililowatuma lilikuwa ndugu wa soko lililompokea Bell. Tofauti yao ilikuwa katika mkono. Katika matumbo hawakutofautiana.

Msomaji mwenye huruma huweza kusema kwamba mjadala wote huu ni wa bure, maana anayetaka kuwahurumia wanyama aache kuwapiga. Hoja hii ina uzito, na baadhi ya nchi zimeifuata: Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977. Nchi nyingine, Tanzania mojawapo, huuruhusu kwa leseni na mipaka. Kati ya njia hizi mbili watu wema wamegawanyika, wala haifai mmoja kumwita mwenzake mkatili au mjinga. Lakini hata hoja ya kuacha kabisa hukubali kiini cha mjadala huu, yaani kwamba mwenye uwezo wa kuua anawajibika kuujua mpaka wake. Anayeacha kabisa ameuweka mpaka katika hatua ya kwanza. Anayewinda kwa haki ameuweka mbele kidogo. Mkosaji wa wazi ni yule asiye na mpaka, ambaye hungoja bunduki yake imwekee.

Je, bunduki moja yaweza kufaa kwa kazi zote mbili? Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka, na fundi atakubali kwa nusu. Bunduki ya kilo tatu haitaishinda bunduki ya kilo 8 juu ya mkeka wa mashindano; na bunduki ya kilo 8 haitafika kileleni ila kwa kumchosha mwenyewe hata mkono wake usifae. Ya kilo tatu na nusu au nne, yenye mtutu usio mwembamba mno na risasi isiyo kali mno kwa bega, huweza kufanya kazi zote mbili kwa adabu, ingawa haitakuwa bingwa wa yoyote. Mtu wa kiasi huridhika na chombo cha namna hiyo. Hakumfikisha katika upeo wa chochote, lakini humfundisha kila Jumamosi mbele ya karatasi kile atakachokihitaji siku moja mbele ya uhai.

Lakini afadhali mchaguzi afanye uchaguzi wa pili siku ileile anapofanya wa kwanza. Akishajua bunduki yake ina kilo ngapi, na aseme umbali ambao hatauvuka, hata darubini imwambie kwamba aweza. Umbali huo usichukuliwe katika kitabu cha mtengenezaji. Uchukuliwe katika karatasi zake mwenyewe, akiwa amesimama, amechoka, na upepo unavuma. Kisha upunguzwe kidogo kwa ajili ya yale asiyoyajua. Mpaka huu hauonekani dukani wala hauna bei, nao ndio uzito pekee ambao haufai kupunguzwa.

Mchagua jembe si mkulima. Hivyo ndivyo ilivyo shambani. Mwenye bunduki hana budi kuchagua, na kuchagua sana, kwa kuwa udongo husamehe na mwili hausamehi. Lakini akishamaliza kuichagua bunduki, na ajue kwamba hajamaliza kuchagua. Kila mara komeo lifungwapo, uchaguzi huanza upya.